Barabara ya Kwetu kwa Kiingereza: Namna ya Kuitaja, Kuieleza na Kuidai

Masika moja maji yaliikata barabara ya mtaani kwetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, na baada ya wiki wakaja wataalamu watatu kuangalia kalavati. Wawili walikuwa Watanzania. Wa tatu alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, na ndiye aliyekuwa anaandika. Kando ya kalavati lile kuna mama anayekaanga maandazi kila alfajiri. Yale maji anayajua kuliko sisi wote: yanatokea upande gani, yanafika baada ya muda gani mvua ikianza, yanaishia kwenye ukuta wa nani. Mgeni akamuuliza kwa Kiingereza. Kijana aliyekuwa karibu akajitolea kutafsiri, na neno “mtaro” akalitafsiri “river”. Mgeni akaandika. Mama alipokuwa anafikiri amjibu nini, wenzake walishasogea mbele.

Mto hauna fundi. Mtaro una aliyeuchimba na una anayetakiwa kuuzibua, na ukiuandika kuwa mto, huyo umemwachia huru. Ndiyo maana nimekaa na majirani zangu kwa miezi kadhaa tukijifunza Kiingereza cha barabara, usafiri na huduma za jamii. Mwongozo huu ni yale yaliyotusaidia, kwa mpangilio uliotusaidia.

Hatua ya 1: Toka na daftari

Usianze na kamusi. Anzia mlangoni kwako, tembea hadi barabara kubwa, na uandike kwa Kiswahili kila unachokiona. Tafsiri baadaye. Neno ulilolikanyaga kwa miguu yako halisahauliki.

Anza na uso wa barabara. Lami katika mazungumzo ni “tarmac”. Kwenye karatasi za serikali na za wahandisi utakuta “bitumen” au “paved road”. Barabara ya vumbi ni “dirt road” au “earth road”. Ya changarawe ni “gravel road”. Moramu huku kwetu na Kenya huandikwa “murram”, ila mgeni kutoka mbali huenda asilielewe, hivyo mwambie “gravel”.

Kisha njoo kwenye maji, maana mvua ndiyo inayozila barabara zetu. Mtaro wa kando ya barabara ni “drain” au “ditch”. Mfumo mzima wa mitaro ni “drainage”. Wengi husema “the drainages”, lakini neno hilo halichukui wingi: ukitaka mitaro mitatu sema “three drains”. Kalavati ni “culvert”. Daraja ni “bridge”, na daraja la kupita watu kwa miguu ni “footbridge”. Korongo lililochimbwa na maji ni “gully”.

Tuta ni “speed bump” unapoongea, na wahandisi huandika “speed hump”. Zile rasta zinazotetemesha gari kabla ya kufika shuleni ni “rumble strips”. Bega la barabara ni “shoulder”, kama bega la mtu.

Shimo la barabarani ni “pothole”, na hapa tulikaa jioni nzima. Karibu kila mtu alilisoma kwa “th” ya thelathini. Ni maneno mawili yaliyoshikana, “pot” na “hole”: tamka pot-hol. Wengine wanaochanganya “r” na “l” kwa sababu ya lugha ya nyumbani wajizoeze jozi hii mpaka ulimi uzoee: “road” ni barabara, “load” ni mzigo. Ukisema “the load is bad”, mwenzako ataanza kutazama lori. Na “vehicle” haina “h” inayosikika: vii-i-kol.

Kuna neno moja la kuchunga sana, “pavement”. Kwa Mwingereza ni njia ya waenda kwa miguu iliyo kando ya barabara. Kwa Mmarekani, na kwa mhandisi yeyote duniani, ni tabaka za barabara yenyewe. Mhandisi akikwambia “the pavement has failed” maana yake barabara imekufa, si ile njia ya pembeni. Njia ya waenda kwa miguu unaweza kuiita “footpath” au “walkway”, nawe utaeleweka na wote.

Hatua ya 2: Yavue maneno uliyonayo kanzu ya Kiswahili

Maneno mengi unayo tayari. Yaliingia Kiswahili zamani yakavaa kanzu. Kalavati (“culvert”), stendi (“stand”), konda (“conductor”), ruti (“route”), greda (“grader”), chenji (“change”). Mengine ukiyavua hivyo hivyo yanakuangusha.

Kipilefti kilitokana na kibao kilichoandikwa “keep left”, yaani pita kushoto. Ukimwambia Mwingereza “turn at the keep left” hatakuelewa. Sema “roundabout”. Marekani wengi huiita “traffic circle”. Sheli ilitokana na jina la kampuni ya mafuta, lakini kwa Kiingereza ni “petrol station”, na Marekani ni “gas station”. Pantoni ni “ferry”. Stendi ya mabasi ya mikoani ni “bus terminal” au “bus station”, haitoshi kusema “the stand”. Wakenya nao wana “stage”, ambayo kwa mgeni ni jukwaa la wasanii. Kituo cha matatu ni “bus stop”.

Majina ya vyombo vyetu usiyatafsiri kabisa. Yaache kama yalivyo halafu uongeze maelezo mafupi. Daladala: “a minibus on a fixed route”. Bodaboda: “a motorcycle taxi”, neno lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, pale baiskeli zilipovusha watu kutoka “border” moja hadi nyingine. Bajaji, ambayo Wakenya huiita tuktuk: “a three-wheeled taxi”. Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2016, ni “bus rapid transit”, na ile njia yake ya peke yake ni “bus lane”. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ni “electric train”. Ile ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, inatumia dizeli, basi usiiite “electric”.

Hatua ya 3: Jihadhari na neno moja lenye nyumba nyingi

Hii ndiyo hatua iliyotufaa kuliko zote. Kiswahili kina maneno mapana, na Kiingereza hukata vipande vidogo vidogo. Chukua “kituo”. Cha daladala ni “bus stop”. Cha treni ni “railway station”. Cha polisi ni “police station”. Cha kupigia kura ni “polling station”. Cha afya ni “health centre”, si “health station”. Cha watoto wadogo cha kulelea mchana ni “day-care centre”. Andika kituo juu ya ukurasa, halafu chora mishale. Mchoro huo ubandike ukutani.

“Kivuko” nacho: kama ni chombo cha majini, “ferry”, kama ni michoro myeupe ya kuvukia barabara, “zebra crossing” au “pedestrian crossing”, kama ni mahali pa kuvuka mto maji yakiwa machache, “ford”, na reli inapokatana na barabara ni “level crossing”. Mtu akiandika “we need a ferry near the school” wakati shule ipo Kimara, mbali na bahari, barua yake haitafika popote.

“Taa za barabarani” zina maana mbili na watu hugombana bure. Zinazomulika usiku ni “street lights”. Mataa ya kuongoza magari ni “traffic lights”. “Foleni” ya magari ni “traffic jam”, ya watu benki ni “queue”, linalotamkwa kyuu tu, herufi nne za mwisho hazina kazi. Na “kona” ya barabara inayopinda ni “bend”, hivyo kona kali ni “sharp bend”. “Corner” ni pale mitaa miwili inapokutana.

Njia panda ya pande tatu ni “T-junction” ikiwa na umbo hilo, ya pande nne ni “crossroads”, na “s” ya mwisho hubaki hata ikiwa njia panda ni moja. Marekani wanasema “intersection”. Barabara inayopanda juu ya nyingine, kama ile ya TAZARA iliyofunguliwa mwaka 2018, ni “flyover”; pale Ubungo, barabara zilikopandana ngazi kadhaa, ni “interchange”.

Hatua ya 4: Sema kilichoharibika

Kiswahili kina “kuharibika” na linatosha kwa karibu kila kitu. Kiingereza hakina neno kama hilo. Wengi hukimbilia “spoiled”, ambalo ni la maziwa na chakula. Barabara imeharibika: “the road is damaged” au “the road is in bad condition”. Basi limeharibika njiani: “the bus has broken down”. Taa haiwaki: “the street light is not working”. Mtaro umeziba: “the drain is blocked”. Daraja limesombwa na maji: “the bridge has been washed away”, limeporomoka: “it has collapsed”. Maji yamejaa barabarani: “the road is flooded”. Haipitiki kabisa: “the road is impassable”. Bomba halitoi maji: “the tap is dry”. Bega limeliwa na maji: “the shoulder has been eroded”.

Baada ya kutaja ubovu, taja lini na kiasi gani. Bila hivyo ni malalamiko tu. “Since” huenda na siku ulipoanza, “for” huenda na muda uliopita: “The drain has been blocked since March. The drain has been blocked for three weeks.” Kwa vipimo, tumia mwili kama tulivyozoea. Maji ya magotini ni “knee-deep water”, ya kiunoni ni “waist-deep water”. Mama wa maandazi alilipenda hili. Alisema ndivyo anavyoyapima siku zote. Ukiwa na futi kamba ni bora zaidi: “The pothole is one metre wide and thirty centimetres deep.” Upana ni “wide”, kina ni “deep”, urefu wa kwenda mbele ni “long”, na wa kwenda juu ni “high”.

Hatua ya 5: Elekeza mtu mpaka afike

Nyoosha moja kwa moja: “go straight on”. Kata kulia: “turn right”. Ipo mkono wa kushoto: “it is on the left”, “hand” iache.

Shida ipo kwenye “mbele ya”. Tukisema duka liko mbele ya msikiti, huenda liko usoni pa msikiti, au huenda ni mpaka uupite msikiti usogee kidogo. Kwa Kiingereza amua moja. Usoni pake ni “in front of the mosque”. Ukiupita ni “just past the mosque”. Na kama liko ng’ambo ya barabara, mkabala na msikiti, ni “opposite the mosque”. Haya matatu yamepoteza wageni wengi wakiwa mita hamsini tu kutoka walikokuwa wanakwenda.

Hatua ya 6: Panda, lipa, shuka

Basi, treni na pikipiki unapanda kwa “get on” na kushuka kwa “get off”. Gari dogo na teksi ni “get in” na “get out”. Siti zimejaa: “there are no seats left”. Kusimama: “standing”. Gari la mwisho usiku: “the last bus”. Kituo cha mwisho wa gari: “the last stop”. Huko ng’ambo hakuna anayepiga kelele ya “shusha”. Kuna kitufe cha kubonyeza, na ukitaka kumwambia dereva sema “Next stop, please”.

Kugeuza na gari, ule utaratibu wa kulipandia gari mbele ya safari likiwa linaelekea mwisho wa ruti ili upate siti litakaporudi, hauna neno la Kiingereza nililowahi kulisikia. Eleza tu: “I ride to the last stop and back, so that I can get a seat.”

Fedha za barabarani zina majina yake. Nauli ni “fare”. Tozo ya kupita, kama ile ya magari kwenye daraja la Kigamboni au Nairobi Expressway, ni “toll”. Ya kuegesha gari ni “parking fee”. Faini ni “fine”. Na chenji yako ni “change”. Wengi wetu husema “my balance”, lakini “balance” ni salio la benki au la simu. “Can I have my change, please?” yatosha, kwa sauti ya heshima.

Hatua ya 7: Huduma za jamii

Hapa nitapita haraka, isipokuwa penye mitego. Soko ni “market”, kisima ni “well”, kioski cha maji ni “water kiosk”, choo cha umma ni “public toilet”, uwanja wa mpira ni “football pitch”, dampo ni “rubbish dump”.

Mtego wa kwanza ni zahanati. Kwetu na kwenye karatasi za serikali ni “dispensary”, ngazi ya chini kabla ya “health centre” na “district hospital”. Lakini ndugu yako aliyehamia Marekani asiulize mtu “Where is the dispensary?” akiwa na mtoto mwenye homa, kwa sababu katika majimbo mengi kule hilo ni duka la bangi. Aulize “clinic”.

Wa pili ni “ward”: ni kata, na pia ni wodi. “Our ward has no water” inaweza kuwa kata yetu au wodi aliyolazwa shangazi, kwa hiyo taja jina la kata. Wa tatu, diwani ni “councillor” na mshauri nasaha ni “counsellor”. Yanatamkwa sawasawa, hivyo ni kwenye kuandika tu ndipo utakosea. Wa nne, shule ya serikali usiiite “public school” mbele ya Mwingereza, maana kwao hizo ni shule kongwe za kulipia ada kubwa. Sema “government school”. Mwenyekiti wa mtaa ni “Mtaa chairperson”. Neno mtaa huachwa lilivyo, kwa kuwa “street” ni njia yenye nyumba na halina serikali ndani yake.

Hatua ya 8: Soma bango la mradi

Kila barabara inayojengwa huwa na bango, na mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza. Tunapita chini yake kila siku kama vile halituhusu. Simama ulisome. “Client” au “Employer” ni mwenye kazi, aliyeagiza barabara. “Contractor” ni mkandarasi. “Consultant” ni mhandisi mshauri anayemsimamia mkandarasi. “Financier” au “Funded by” ni mtoa fedha. “Commencement date” ni siku ya kuanza, “completion date” ya kumaliza. “Upgrading to bitumen standard” ni kuipandisha barabara hadi lami. “Rehabilitation” ni kuikarabati kwa kina. “Routine maintenance” ni matengenezo ya kawaida, kama kufyeka nyasi na kuzibua mitaro.

Maneno matatu ya kuyashika zaidi ni “defects liability period”. Ni kipindi baada ya kazi kukabidhiwa, mara nyingi miezi 12, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake. Mtaa ukilijua hilo, shimo linalofumuka mwezi wa nne baada ya kukabidhiwa lina mwenyewe.

Na kama barabara inapanuliwa, jifunze “road reserve”, yaani hifadhi ya barabara. Tanzania, sheria ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. “Centre line” ni ule mstari wa katikati unaoanzia kipimo. “Demolition” ni bomoabomoa, “valuation” ni uthamini wa mali, na “compensation” ni fidia. Usisaini karatasi yenye maneno haya kabla hujamwomba mtu unayemwamini akusomee mstari kwa mstari.

Hatua ya 9: Andika

Kwanza ujue barabara ni ya nani. Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Kenya kuna KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa miji na KeRRA kwa vijijini. Barua yenyewe kwa ofisi hizi Tanzania iandike kwa Kiswahili, ni haki yako. Ya Kiingereza ni kwa mhandisi mgeni, mtoa fedha, au shirika lisilosoma Kiswahili. Iwe fupi: mahali, ubovu, tangu lini, nani anaumia, unaomba nini. Hii ndiyo tuliyoiandika sisi, pamoja na mama wa maandazi akitusahihisha mambo ya maji:

“The culvert on the road to the dispensary is too small, and the drain above it is blocked with rubbish. It has been blocked since March. When it rains, knee-deep water covers the road for about two hours, and vehicles cannot pass. Pregnant women are carried to the dispensary on foot. This is a man-made drain, not a river. We ask you to clear the drain and to build a larger culvert before the next rains.”

“Too small” maana yake ni dogo kupita kiasi, halitoshi. “Man-made” ni iliyotengenezwa na binadamu. Sentensi hiyo mama ndiye aliyetaka iwekwe. “Clear” ni kuzibua. Badilisha ubovu na mahali, mwili wa barua uubakize.

Isome kwa sauti ukiwa umesimama pale pale panapozungumziwa, ukionyesha kwa kidole kila neno: “drain”, “culvert”, “road”. Piga picha mbili, moja ya kiangazi na moja ya mvua. Toa nakala mbili za barua, moja uiache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, halafu uirudishe mtaani ikae kwenye faili la ofisi ya mwenyekiti, si mfukoni mwa mtu mmoja.